Mchemko wa Fujo Hauivishi Maharage Upesi
(Mhadhara kwa wazazi na wanafunzi wa sekondari, Mbeya)

Shikamooni wazazi wangu. Na nyie vijana, hamjambo? Nilipoombwa kuja kuzungumza juu ya sayansi ya darasani na maisha ya nyumbani, niliulizwa kama nitahitaji projekta. Nikasema hapana, nitafutieni majiko mawili ya mkaa, sufuria mbili zinazolingana na kilo mbili za maharage ya njano. Ndiyo hayo mnayoyaona hapa, na nadhani ndiyo harufu iliyofanya viti vya mbele vijae leo.

Maharage yametoka gunia moja, yamelowekwa jana usiku, yamebandikwa saa moja na nusu asubuhi. Jiko la kushoto linasimamiwa na mama yetu wa kamati ya chakula, nami nimemwomba asibanie mkaa: ajaze, apepee, sufuria aiache wazi. Mnaona povu linavyoruka. Jiko la kulia lina mkaa wa kiganja, kidirisha cha majivu kimefungwa nusu, sufuria imefunikwa. Ukisogeza sikio unasikia yanatokota polepole, kama watu wanaosengenya.

Ipi itaivisha kwanza? Nyosheni mikono. Kushoto... karibu ukumbi mzima. Kulia... watatu, na mmoja ni mwalimu wa fizikia, huyo hatumhesabu. (Kicheko.)

Binti wa Kidato cha Pili, njoo ushike kipimajoto. Kitumbukize kushoto, kisiguse kitako cha sufuria. Subiri kitulie. Soma kwa sauti. "Tisini na nne." Futa, peleka kulia. "Tisini na nne." Soma tena, watu hawaamini. "Ni tisini na nne, mwalimu."

Mama yangu amechoma mkaa karibu mara tatu ya mwenzake, na joto ndani ya sufuria ni lilelile. Harage lililomo ndani halina macho ya kuona moto ulivyo mkubwa. Linachojua ni joto la maji yaliyolizunguka, na maji yakishachemka hayapandi tena. Unaweza kuwasha moto wa kuyeyushia chuma, maadamu sufuria iko wazi na maji yamo, utabaki palepale.

Sasa huo mkaa wa ziada unakwenda wapi? Tazameni juu ya sufuria ya kushoto. Unapaa. Molekuli za maji zinashikana, na kuzing'oa ili ziwe mvuke kunakula joto jingi ajabu, joto ambalo kipimajoto hakilioni. Vitabu vinaliita joto fiche, na hapa jina limelingana na tabia. Kuchukua kilo moja ya maji ya bombani ya hapa kwetu mpaka ichemke kunahitaji kama kilojuli 310 (kilojuli ni kipimo cha joto linalotumika). Kuigeuza kilo hiyohiyo yote iwe mvuke kunahitaji kilojuli zipatazo 2,260. Gawanyeni: mara saba. Maana yake, lita moja uliyoiacha ikaukie hewani ingetosha kukuchemshia lita saba za chai.

Tuiweke kwa mkaa, maana kilojuli haziuzwi gengeni. Kilo ya mkaa mzuri ina karibu kilojuli 30,000. Jiko likifikisha robo ya hizo kwenye sufuria, halifanyi vibaya. Nyingine zinapotelea pembeni, zinapasha ukuta na miguu ya mpishi. Kwa jiko la namna hiyo, kila lita inayokauka kwa fujo imekula gramu 300 hivi za mkaa. Mama, umeongeza maji mara ngapi? Mara mbili. Na kila ulipoongeza ya baridi mchemko ulikatika, ukaanza upya. Sufuria yenye mfuniko haijaguswa. Mvuke unagonga mfuniko, unageuka maji, unadondoka ulikotoka.

Mvuke huo unapogeuka maji, joto fiche lote linarudishwa. Ndiyo sababu anayefunua sufuria kwa pupa huungua mkono vibaya kuliko aliyerukiwa na tone la maji ya moto: mvuke umeshukia kwenye ngozi yake na kuutua mzigo wake pale. Mtungi wa bibi uliokaa pembeni unafanya kinyume. Maji yanapenya vitundu vya udongo, yanakauka nje, na joto la kukaukia yanalichota kutoka kwenye maji yaliyobaki ndani. Kwa hiyo bibi akinywa maji ya baridi bila umeme, ni joto fiche lilelile linalomsumbua mama hapa.

Sasa nimewasikia vijana mnanong'onezana: mbona 94? Si tumefundishwa maji huchemka nyuzi joto 100? Mmefundishwa, na kwenye mtihani mkiandika 100 mnapata alama. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuiona hiyo 100 kwenye sufuria ya wazi hapa Mbeya, na inanikera kidogo kwamba tunakaririsha watoto namba ya pwani bila kuwaambia ni ya pwani.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilipoletwa huku kufundisha nilikuwa kapera, najipikia. Jumamosi ya kwanza nikabandika maharage saa nne asubuhi, nikijua saa nane nitakuwa nimekula, nimelala. Saa nane nikabonyeza: mawe. Saa tisa: mawe yenye mchuzi. Nikarudi dukani kwa shari, nikamwambia muuza duka amenipa maharage ya mwaka juzi. Mzee wa watu akanitazama, akauliza, "Mwalimu umetokea wapi?" Nikasema Tanga. Akacheka, akasema, "Maharage ya huku hayataki haraka." Mwalimu wa sayansi, mwenye cheti, nafundishwa fizikia na muuza sukari.

Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na uzito wa hewa iliyoyakalia. Tanga tuko usawa wa bahari, hewa yote iko juu yetu. Hapa Mbeya tuko mita 1,700 hivi, sehemu ya hewa tumeiacha chini, na presha iliyobaki ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Mvuke unapata upenyo mapema. Kwa hesabu ya haraka, kila ukipanda mita 300 mchemko unashuka karibu nyuzi moja. Mwenye shemeji Kyela, mita 500 hivi, akipime huko atapata 98. Wanaopeleka watalii Kilimanjaro, kule juu kabisa kwenye mita 5,895, maji yao yanachemka kwenye nyuzi 80 na ushee. Yatarukaruka vizuri sana, na maharage hutakaa uyale.

Pengo la nyuzi sita linaonekana dogo, lakini kulainika kwa harage ni kazi ya kemia, na kazi za kemia zinachelewa haraka joto likishuka kidogo. Dawa yake ni kuibana hewa. Mwaka 1679 Mfaransa mmoja aliyeitwa Denis Papin, akiwa London, alitengeneza sufuria yenye mfuniko wa kukaza ili mvuke usitoke. Mvuke ukibanwa presha inapanda, na kiwango cha mchemko kinapanda nayo. Ndiyo mama wa hizi presha kuka tunazonunua leo, zinazofika karibu nyuzi 120, huku kwetu pungufu kidogo. Saa mbili na nusu zinakuwa chini ya saa moja. Ila jamani, msiulazimishe mfuniko kufunguka kabla presha haijashuka. Maji yaliyo kwenye nyuzi 115, ukiyaondolea presha ghafla, yanachemka yote kwa mpigo, na yanakuja usoni.

Kuna wanaoniambia wanatia chumvi mwanzoni ili maji yawe makali. Ili mchemko upande nyuzi moja unahitaji gramu 58 za chumvi kwa lita. Hebu onjeni mchuzi huo.

Magadi ni habari nyingine, hayo yanafanya kazi kweli. Kuta za chembehai za harage zimegandishwa kwa kitu kinaitwa pektini, fikirieni gundi. Maharage kuiva ni gundi hiyo kulegea. Magadi ni alkali, yaani kinyume cha asidi, na kwenye alkali pektini inayeyuka upesi. Magharibi mwa Kenya wanachuja majivu ya mabua ya maharage na kupikia maji yake. Ni ujanja uleule, maana majivu yana kabonati ya potasiamu, nayo ni alkali. Gharama yake ni kwamba alkali inaiharibu vitamini B1, na ukizidisha unapata uji wenye ladha ya sabuni. Mimi natia chembe ndogo kama punje ya mahindi nikiwa na haraka, vinginevyo sitii.

Nyanya, ndimu na ukwaju ni asidi. Asidi inaishikisha pektini isilegee. Anayekata nyanya akazitia maharage yakiwa bado magumu amejifungia mlango mwenyewe. Chemsha kwanza yalainike, ndipo uunge na kitunguu na nyanya zako. Mama zetu walijua hili bila kumsikia mtu anaitwa pektini. Maji ya chumvichumvi ya visima vingine nayo yanachelewesha, kwa kuwa kalsiamu na magnesiamu zilizomo zinaikaza gundi hiyohiyo. Na maharage yaliyokaa muda mrefu stoo yenye joto na unyevu hugoma kweli, kwa hiyo si kila muuza duka anasingiziwa.

Vijana mnasubiri sehemu ya gesi, nawaona. Ndani ya maharage mna sukari, kama rafinosi na stakiosi, ambazo sisi binadamu hatuna kimeng'enya cha kuzikata. Zinapita tumboni nzimanzima mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanafanya sherehe. Hidrojeni, hewa ukaa, kwa baadhi ya watu na methani. Maji ya kulowekea ukiyamwaga unapunguza kiasi. Tuendelee, kabla mkuu wa shule hajanitoa.

Hili lingine si la kucheka. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana protini aina ya lektini ambayo ni sumu. Punje chache zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Inavunjwa na mchemko wa kweli. Joto la vuguvugu haliivunji. Nasema hivi kwa sababu siku hizi wengi mna vikapu vya kuhifadhi joto, vile vya kushindilia nguo na mito, na mimi ni shabiki wake mkubwa. Lakini loweka, mwaga maji, chemsha kwenye moto nusu saa nzima, halafu ndipo uingize kapuni umalizie bila mkaa. Usipeleke kapuni maharage yaliyopata moto kidogo tu.

Na huo mkaa wenyewe. Juni na Julai hapa tunalijua baridi. Mtu amemaliza kupika, jiko bado lina makaa mekundu, hakuna moshi, analiingiza chumbani na kufunga dirisha. Makaa yanayokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Himoglobini ya damu, ile inayobeba oksijeni, inaing'ang'ania gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Damu inazunguka imejaa abiria asiyefaa, mwili unakosa pumzi huku mapafu yanavuta hewa kama kawaida. Mtu anaumwa kichwa, anadhani ni uchovu, analala. Jiko likae nje. Ongezeni blanketi.

Haya, saa nne imefika, yamepata saa mbili na nusu. Binti, njoo na kijiko. Toa punje kumi kushoto, kumi kulia, ziweke kwenye sahani mbili tuwapitishie wazee wabonyeze kwa vidole. Mzee wangu, unasemaje? "Zote zimeiva." Tofauti yoyote? "Hizi za kushoto zimepasukapasuka maganda."

Ni ule mrukoruko. Sasa mama, tuonyeshe kopo lako la mkaa. Tupu. Na la mwenzako? Mwenye macho aje achungulie: limebaki zaidi ya nusu. Sahani ziko pale nyuma, na wali unakuja. Mwenye swali aniulize tukiwa mezani.