Bergen, Mji Unaosimamishwa na Maji

Mwenyekiti, walimu wangu, na nyinyi wanafunzi mliokubali kufungiwa ukumbini saa hizi za mchana, asanteni.

Nilifika Bergen, magharibi mwa Norwei, siku ya jua. Msilichukulie hilo kuwa jambo dogo. Mji ule hupata mvua zaidi ya siku 200 kwa mwaka, kwa hiyo jua likitoka, kazi hulala. Niliwakuta watu wamekaa kandokando ya Vågen, ile ghuba inayoingia mpaka katikati ya mji, makoti wameyavua, wanaota jua na macho wameyafumba. Mgeni mimi nikasema moyoni: laiti kungekuwa hivi kila siku. Baadaye niliona nimekosea, na hilo ndilo nililokuja kuwaeleza.

Mbele ya ghuba ipo Bryggen, maana yake ni gati tu. Ni safu ya nyumba za mbao, mapaa yamechongoka, nyingine nyekundu, nyingine njano ya udongo, zimeegemeana kama abiria wa daladala. Kuanzia mnamo mwaka 1360 Wajerumani wa Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara, hasa wa mji wa Lübeck, walifungua hapo ofisi yao ya biashara. Walileta nafaka, wakachukua samaki mkavu aliyeshushwa kutoka pwani za kaskazini.

Samaki huyo ngoja nimweleze, maana sisi tunaijua ng'onda. Ng'onda tunaitia chumvi na kuianika juani. Wao chumvi hawatii, na jua hawalitegemei. Humtundika kwenye vichanja vya miti tangu Februari hadi Mei, upepo wa baridi ukamkausha. Baridi ikizidi anaganda na kuharibika. Joto likizidi nzi wanamvamia. Akikauka sawasawa huwa mgumu kama kuni, na hukaa miaka.

Wafanyabiashara wale hawakuruhusiwa kuoa wakiwa pale, na ndani ya nyumba hizo moto ulikatazwa, hata majira ya baridi. Kuota moto na kula chakula cha moto walikwenda kwenye majengo ya pembeni. Hata hivyo mwaka 1702 gati lote liliteketea. Wakajenga upya kwenye viwanja vilevile, vichochoro vilevile, kwa mbao zilezile za kuungua! Tunachokiona leo ni cha baada ya moto huo, ila ramani yake ni ya zama za kati.

Nikaingia kichochoro kimoja, chembamba, sakafu ya mbao, harufu ya lami. Nikaweka chupa ya maji chini nifunge kamba ya kiatu. Chupa ikajiviringia yenyewe hadi ukutani.

Bryggen imekuwa ikizama, ndugu zangu. Mwaka 1955 moto mwingine ulikula sehemu ya Bryggen, na baadaye upande huo ikajengwa hoteli. Maji ya ardhini yakashuka. Chini ya nyumba zile kuna misingi ya magogo na tabaka za takataka za karne nyingi. Zikiwa zimelowa, hewa haipiti, na mbao hazikuisha. Zilipokauka, hewa ikaingia, zikaanza kuoza, na nyumba zikafuata chini. Dawa yake? Kuyarudisha maji: mvua inayoshuka mapaani na barabarani isikimbizwe baharini, ielekezwe inywewe na ardhi. Jua nililolishangilia mimi halikuwa na msaada wowote kwa nyumba zile.

Moto huohuo wa 1955 ulifungua njia ya kuchimba, na udongo ule mbichi ukatoa mamia ya maandishi ya runi, zile herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya, mengi yamechongwa kwenye vijiti. Kuna vya wafanyabiashara, vya sala, na vya matusi pia. Ardhi ingekuwa kavu tusingekuwa na hata kimoja.

Katika vijiti hivyo kimo kimoja ninachokipenda kuliko majumba yote ya wafalme wa pale. Kimechongwa hivi: Gyda anasema uende nyumbani. Wataalamu wanadhani kilipelekwa kwa mtu aliyekuwa kilabuni. Mnaocheka huko nyuma nadhani mmepata ujumbe wa namna hiyo juzijuzi, kwa simu. Kwenye kijiti kilekile zipo alama nyingine, huenda ndilo jibu la bwana. Aliyezichonga mkono haukuwa umetulia; hazisomeki.