Kulinganisha Kabureta Tatu za Lancia Stratos

Karibuni, watazamaji wapendwa. Gari lililo mbele yenu ni Lancia Stratos HF, na leo tutalinganisha kabureta zake tatu za Weber, yaani kuzifanya zivute hewa sawasawa, kazi ninayoipenda kuliko zote katika karakana hii ya Torino. Lancia ililitengeneza kwa ajili ya mashindano, na yale ya barabarani, ambayo hata hayakufika 500, yaliundwa ili kanuni ziruhusu yale ya rali kushindana. Ndipo likatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976.

Injini imeshapata moto nami nimeizima. Inueni kifuniko cha nyuma, kisha fungueni boksi la hewa. Hapa naomba tutulie. Kila nati mnayoifungua itieni papo hapo ndani ya kopo, na midomo yote sita ya kabureta izibeni kwa vitambaa safi, kwa kuwa mimi niliwahi kudondosha nati moja mdomoni, nikaitafuta siku mbili hadi nilipoikuta imekalia vali. Nati isipoonekana, injini isiwashwe. Narudia: isiwashwe. Na kabla ya kuwasha, hesabuni vitambaa: sita viliingia, sita vitoke.

Sasa chomoeni fito zinazounganisha kabureta, washeni injini, na mweke kipimo cha mvuto wa hewa juu ya mdomo wa kwanza. Samahani, naona mkono wangu umeziba picha, nasogeza taa. Sawa, sasa sindano inaonekana. Zungusheni skrubu ya mwendo wa injini isipokanyagwa mafuta, kidogo kidogo, robo ya mzunguko au chini yake, mpaka kabureta zote tatu zivute sawa. Msitegemee macho peke yake. Injini hii ya V6 ya Ferrari Dino, yenye sentimita za ujazo 2,418, hukaa kwa upana nyuma kabisa ya viti, kwa hiyo ninapenda kuketi kwa dereva na kuisikiliza: silinda moja ikipungukiwa, mtikisiko wake huufikia mgongo kabla ya sindano kuonyesha lolote.

Rudisheni fito bila kuzisukuma, kisha pimeni tena. Boksi la hewa lirudishwe na chujio safi. Dereva wa rali Sandro Munari alishika nafasi ya pili kwa Stratos katika Safari Rally ya 1975 nchini Kenya, na vumbi la kule halimsamehei fundi mzembe. Hesabuni nati zilizo koponi. Sikilizeni sasa.