Chapati Zetu, Unga wa Wenzetu

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakapoanzia, na naona kule nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Naanza na chapati.

Kidonge ni chapati. Hapa kwetu tukisema "kiwanda cha dawa", mara nyingi tunasema jiko la kusukumia chapati. Unga umekuja kwenye pipa kutoka India au China. Sisi tunauchanganya na wanga, tunaugandamiza kwenye mashine, tunapaka rangi, tunafungasha. Sidharau kazi hiyo. Kidonge kisichomeguka mfukoni lakini kikasambaratika tumboni kwa wakati wake ni ufundi mkubwa. Lakini ule unga, ambao vitabu vinauita kiambata amilifu na mimi nauita kiini, ndio unaoshusha homa. Ukiuondoa, umemuuzia mgonjwa wanga.

Kila nikisema hivi, mtu husimama: "Mwalimu, kiini ni kazi ya mataifa makubwa, sisi hatuwezi." Haya, twende Amani.

Amani iko Usambara Mashariki, unapandia Muheza. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, wakajaza mimea ya dunia nzima, ukiwemo mkwinini, mti wa milima ya Andes ambao gome lake lina kwinini, dawa ya malaria. Mwaka 1914 vita vikaanza, manowari za Waingereza zikaziba pwani. Dawa haziingii, na malaria haisubiri meli. Wakafanyaje? Wakachukua magome ya mikwinini ya huko kaskazini, wataalamu wa Amani wakasimamia, kwinini ikatengenezwa humu humu nchini. Mwaka 1916 walipotimuliwa kaskazini, wakabeba magome, wakawa wanayachemsha tu porini na kunywa maji yake. Yalikuwa machungu kiasi kwamba watu wakayabandika jina la jemadari wao, von Lettow-Vorbeck: Lettow-Schnaps, yaani pombe kali ya Lettow.

Mmeiona tofauti? Ile ya kwanza ilikuwa kiini. Ya pili ilikuwa supu.

Supu hujui kikombe hiki kina kiasi gani na kile kina kiasi gani. Tena gome la mkwinini lina alkaloidi, yaani kemikali za mmea zenye nguvu mwilini, kubwa nne, si moja: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Kwinidini peke yake ni dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo. Utamnywesha mwenye malaria zote nne kwa kukisia?

Kuzitenganisha si uchawi. Wa Tanga na Pemba mmemwona bibi akipaka chokaa kwenye jani la tambuu. Chokaa ya nini? Alkaloidi ya popoo imefungwa na asidi za mmea, chokaa inaifungua. Gome la mkwinini ni vivyo hivyo: unalikausha, unalisaga, unalichanganya na chokaa. Alkaloidi zikishafunguliwa hazipendi tena maji, zinapenda mafuta, kwa hiyo unazitoa kwa kiyeyushi kama toluini. Kisha kiyeyushi hicho unakitikisa pamoja na asidi ya salfa iliyozimuliwa, na alkaloidi zinarudi kwenye maji zikiwa chumvi. Unaondoa rangi kwa mkaa, unaipunguza asidi polepole, unapoza. Salfeti ya kwinini ndiyo ngumu kuyeyuka kuliko za wenzake, kwa hiyo inajitenga yenyewe, vijisindano vyeupe, na wale wengine watatu kwa sehemu kubwa wanabaki majini. Wanakemia wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, walikipata kiini hiki Paris mwaka 1820, na umeme wa ukutani haukuwepo.

Mtasema hayo ni mambo ya mkoloni. Basi nendeni Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kiwanda cha Pharmakina kimetoa kwinini kutoka kwenye mikwinini ya Kivu kwa miongo mingi, katika mji uliopitiwa na vita, na watu wake wanaongea Kiswahili. Sasa nani hawezi?

Na wewe wa mwarobaini na dawa za miti shamba, najua upo, upo kila mwaka. Unataka kuniuliza kwa nini tusinywe chai ya majani ya atemisia, mmea wenye artemisinini inayoua vimelea vya malaria, tukaachana na viwanda. Kwa sababu ni supu ile ile ya Lettow! Tena mbaya zaidi, maana artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Mwanasayansi Mchina, Tu Youyou, alihangaika nayo China hadi mwaka 1971, alipoacha moto mkali akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Jani kavu lina asilimia moja hivi ya artemisinini, pengine pungufu. Ikishatoka bado si artemeta, kiini kinachotumika kwenye dawa ya mseto. Lazima ifanyiwe kemia nyingine mbili. Halafu dozi nzima ya dawa ya mseto kwa mtu mzima, vidonge 24, ina artemeta miligramu 480. Haifiki nusu gramu! Hiyo utaipima kwa kikombe cha chai?

Hapo kwenye atemisia, lakini, anayenipinga ana hoja moja, nayo ni bei. Wakulima wa Arusha, wa Kenya, wa Kabale kule Uganda waliipanda. Mwaka 2005 kilo ya artemisinini ilivuka dola 1,000; mwaka 2007 ilikuwa chini ya 200. Kujua kemia hakukumsaidia mkulima hata mmoja. Nilikuwa na majibu matatu juu ya hilo, ila mwenyekiti ananionyesha saa, basi nitaje moja: Machi 2020 India ilizuia kwa muda kuuza nje viini na dawa 26, parasetamo ikiwemo. Parasetamo, jamani! Siku hiyo bei rahisi ya kununua nje ilimsaidia nani?

Kuhusu usafi wa viini na ile kashfa ya 2018 ya valsatani, dawa ya shinikizo la damu iliyokutwa na uchafu, sitafika leo. Pale mezani nimeweka kipande cha gome la mkwinini. Lambeni, msitafune, kisha mje na maswali.