Gari Linalopaa Lilishakuja

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Kila nikialikwa kuzungumzia magari yanayopaa huulizwa yatakuja lini, nami sichoki kujibu kwamba yalishakuja. Mwaka 1949, mjini Longview katika jimbo la Washington nchini Marekani, Moulton Taylor alirusha gari alilolipa jina la Aerocar, na mwaka 1956 mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ikalipatia cheti cha kuruhusiwa kuruka. Linalopaswa kutusumbua ni kwa nini watu hawakulinunua.

Mniwie radhi nikikaa kwa Taylor kuliko kwa wengine wote. Mwaka 1946 alikuwa ameiona Airphibian, ndege-gari ya mbunifu Robert Fulton, ambayo ilipogeuzwa kuwa gari iliacha mabawa na mkia uwanjani, hivyo mwenyewe hakuweza kuruka tena mpaka arudi pale pale. Taylor akabuni mabawa yanayokunjwa na kuwa tela linalovutwa na gari lenyewe. Rafadha, yaani pangaboi linalosukuma ndege, aliiweka nyuma kabisa, mkiani, na ili kuiunganisha na injini ilibidi kuinua kibao cha namba za gari na kuchomeka shafti, yaani mtaimbo unaozunguka, katika tundu lililofichwa nyuma yake. Shafti ndefu namna hiyo hutetemeka hata kuweza kuvunjika. Akaituliza kwa kiungio kilichojazwa chembe ndogo za chuma. Huo ni uhandisi wa hali ya juu, na mtu mmoja aliweza kukigeuza chombo kizima kwa dakika chache. Hata hivyo yaliundwa sita tu. Kampuni ya Ling-Temco-Vought ilikubali kuyatengeneza kwa wingi kwa sharti la kupatikana oda 500. Zikapatikana kama nusu yake.

Sababu ni kwamba gari na ndege hudai mambo yanayopingana. Gari linahitaji bampa, chasisi na milango ya kuhimili ajali, ilhali ndege huhesabiwa kila kilo, kwa hiyo mnunuzi aligharimia vyote viwili akapata gari dhaifu na ndege nzito. Tena gari likikwaruzwa kwenye maegesho huendelea na safari, lakini bawa likigongwa, hata kidogo, chombo hakipaswi kupaa kabla ya kukaguliwa. Wasiouheshimu ugumu huu waliulipia kwa uhai: mwaka 1973, huko California, Henry Smolinski na Harold Blake walifariki katika gari aina ya Ford Pinto lililounganishwa na sehemu ya nyuma ya ndege ya Cessna, baada ya nguzo ya bawa la kulia kuachia pale ilipofungwa kwenye gari.

Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba leo tuna kompyuta na betri. Kompyuta zimesaidia kweli, kwa kuwa zinaweza kuongoza rafadha nyingi kwa pamoja. Lakini kilo moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 12 za nishati, na kilo moja ya betri ya lithiamu ina kama robo ya kilowati-saa. Hata ukiondoa nishati inayopotea kwenye injini, pengo linabaki zaidi ya mara 10. Na vyombo vingi vinavyotangazwa sasa haviwezi kutembea barabarani hata kidogo. Hizo ni helikopta za umeme, na ninawasihi waandishi wa habari waache kuziita magari.

Muda umenibana, kwa hiyo mbunifu Štefan Klein wa Slovakia nitamtaja kwa ufupi. Mwezi Juni 2021 aliruka na gari lake linalopaa, AirCar, kutoka mji wa Nitra hadi Bratislava kwa dakika 35, akatua na kuingia barabarani. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini aliruka kutoka uwanja wa ndege na kutua uwanja wa ndege, naye ni rubani, kama ilivyompasa Taylor miaka zaidi ya 70 kabla yake. Kuhusu nani ataongoza safari za vyombo hivi juu ya miji, tutalijadili kwenye maswali.