Paradise Iliziba Wapi? Barabara ya Kukimbia Moto, Ipi Ianze

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko Paradise, mji wa kaskazini mwa California uliokaa juu ya mgongo wa kilima, korongo huku, korongo kule. Tarehe 8 Novemba 2018 moto uliwaka mnamo saa 12 na nusu asubuhi upande wa mashariki, karibu na Pulga. Saa 2 ulishaingia mjini. Watu 85 walikufa. Sasa wenyeji wanarudi na nyumba zinajengwa upya. Fedha za barabara hazitoshi kila kitu, kaka Salim. Wewe ungeanzia wapi?

SALIM: Kwenye hesabu ya magari. Mji ulikuwa na watu kama 26,000. Tukadirie magari 13,000. Barabara za kushuka bondeni ni Skyway, Neal, Clark na Pentz. Skyway tuipe njia mbili za kushuka na zile nyingine moja moja, jumla tano. Njia moja ikipitisha magari 1,000 kwa saa, mji unahitaji zaidi ya saa mbili na nusu. Moto ulichukua saa moja na nusu. Na hapo sijaweka moshi unaogeuza asubuhi kuwa usiku, wala gari lililoachwa katikati ya lami. Siku ile tingatinga zilisukuma magari pembeni ili watu wapite.

ZUHURA: Atatokea mtu aseme, panueni Skyway basi.

SALIM: Ipanuliwe wapi? Huko chini njia zipo. Katikati ya mji ndiko zilikokuwa zimepunguzwa kutoka nne hadi mbili, miaka michache kabla ya moto, ili waenda kwa miguu wavuke salama. Ukiongeza lami bondeni na koo hilo jembamba la katikati likabaki vilevile, foleni haipungui hata gari moja. Mhandisi asimame kwenye kila makutano na kuhesabu magari yanayopita kwa saa. Makutano yanayopitisha machache kuliko yote ndiyo uwezo wa barabara nzima.

ZUHURA: Na vibarabara vya mitaani? Mimi naona ndipo penye hatari kubwa.

SALIM: Naam. Vingi ni vya watu binafsi, vilichongwa kiwanja kwa kiwanja, na vinaishia porini. Majirani waliopeana migongo, mmoja akitaka kufika kwa mwenzake kwa gari lazima kwanza atoke hadi barabara kuu. Kwa hiyo wote humwagikia palepale kwa wakati mmoja. Isitoshe, barabara zote nne za kushuka zinaelekea kaskazini na kusini, na za kuvuka kati yake ni chache. Moto ukitoka mashariki ukaifunga Pentz, wa Pentz anavukaje kwenda Skyway? Ndiyo maana naviweka mbele viunganishi vya mashariki na magharibi. Mradi wa mji wa kurefusha Roe Road ni wa aina hiyo. Kipande ni kifupi, lakini kinampa dereva njia ya pili ya kutokea.

ZUHURA: Kanuni za California kwa ujenzi mpya kwenye maeneo ya moto ziko wazi: viwanja vikiwa chini ya ekari moja, barabara isiyo na upande wa pili wa kutokea isizidi futi 800, yaani mita 244 hivi. Upana ni njia mbili za futi 10 kila moja, na mpando usizidi asilimia 16.

SALIM: Hiyo ni kwa mpya. Za zamani zimebaki kama zilivyo, na humo ndimo watu wanamoishi. Lakini kiunganishi huchukua miaka. Msimu huu huu fyeka kando ya barabara, angalau mita tatu kila upande, na uongeze upande wa bonde kwa sababu moto hupanda mlima. Mageti ya njia za mashambani yafunguke kwa mkono, bila kumtafuta mwenye ufunguo.

ZUHURA: Na kalavati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, tafadhali. Watu huyasahau.

SALIM: Ya plastiki isitumike kwenye njia ya kukimbilia. Moto huingia kwenye mdomo wake penye majani makavu, bomba linaungua ndani kwa ndani, halafu udongo wa juu unatitia. Ukitazama lami unaiona nzima, hadi gari zito la zimamoto lizame. Weka zege au chuma. Na mtaro ukishachimbwa, nyaya za umeme zilazwe humo humo, maana nguzo moja ikianguka imefunga njia.

ZUHURA: Vipi atakayechelewa kabisa?

SALIM: Atengewe uwanja wa lami usio na miti. Siku ile wapo waliopona kwenye maegesho ya maduka. Viwanja hivyo vichaguliwe mapema na viwekwe alama.

ZUHURA: Mji unakua, lakini. Viunganishi vitapita wapi?

SALIM: Hifadhi ya barabara ipimwe na vigingi vichomekwe sasa, wakati viwanja vingi bado vitupu. Kila kibali cha nyumba kinachotolewa juu ya mstari huo ni fidia itakayolipwa baadaye, na kiunganishi kitasubiri hadi ilipwe.