Shule yetu Houston inaanza saa kumi jioni

Assalaam aleykum, hamjambo huko nyumbani. Leo sijajipamba, na nguo mnazoziona nyuma yangu hazijakunjwa, msinisemeshe. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, ikianguka mtanisamehe. Wengi mmeniuliza WhatsApp: kwa nini umewatoa watoto shule? Wengine: mama yako unamtunzaje na kazi unafanya? Mnaona ni maswali mawili. Kwangu ni moja.

Tulihama jimbo la Minnesota tukaja Houston, jimbo la Texas, humuhumu Marekani, katikati ya mwaka wa shule, kwa sababu ya kazi ya lori ya mume wangu, na kusema kweli baridi nayo ilitushinda. Wakati huohuo baba yangu akafariki Muheza. Mama akakaa eda yake, miezi 4 na siku 10, alipotoka tukamleta. Makaratasi yalikuwa tayari, maana mimi nilishakula kiapo cha uraia wa huku, na Tanzania haina uraia pacha, mnajua wenyewe niliacha nini. Hilo nitalifanyia video yake.

Pale uwanja wa ndege mama akaniuliza, "Baba yako kaenda kuchukua mizigo?" Nikadhani ni uchovu wa safari.

Haukuwa uchovu. Ni ule ugonjwa wa kusahau, dimenshia. Asubuhi mama ni mzima kabisa: anakunywa chai, anauliza bei ya machungwa, anamsema mume wangu kwa kuacha viatu mlangoni. Jua likianza kushuka ndipo anapopotea. Anavaa khanga, anachukua mkoba, anasimama mlangoni: "Nirudisheni nyumbani, watoto wananisubiri shule." Wagonjwa wengi wa namna hii huchanganyikiwa zaidi jioni. Mimi sikulijua hilo, nikawa nabishana naye. Mama, hapa ni Houston. Mama, ulishastaafu ualimu. Mama, baba alishafariki. Na kila nikisema hivyo alikuwa anaisikia habari kwa mara ya kwanza, anakaa chini analia upya kama siku ya msiba. Wiki moja nilimfisha baba mara tatu. Muuguzi mmoja ndiye aliyeniambia niache kumsahihisha, nimfuate kule aliko.

Sasa mtaniambia, si utafute mtu wa kumkalia? Huku hakuna dada wa kazi wa kutumwa kutoka kijijini. Wakala niliyempigia alinitajia dola 30 kwa saa. Piga hesabu: saa 6 kwa siku, siku 5, ni dola 900 kwa wiki. Bima ya wazee ya serikali nayo, kwa mwenye kadi ya ukaazi ambaye hajafanya kazi huku, inamtaka awe na umri wa miaka 65, awe amekaa nchini miaka 5 mfululizo, halafu bado ailipie mwenyewe. Mama ana miaka 68 lakini ana mwaka mmoja tu hapa. Mimi kazi yangu ni kutunza wagonjwa, usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Yaani nalipwa kuwageuza wazazi wa wenzangu vitandani, halafu nakuja kwa wangu.

Mume wangu, Mungu ampe kheri, aliacha safari za majimbo ya mbali akachukua za Laredo, humuhumu Texas, ili Ijumaa awe nyumbani. Pesa imepungua. Na msidhani nikimpigia simu nalia anaweza kukimbia aje. Dereva wa lori huku anaendesha kwa muda wa saa 11, kisha lazima apumzike kwa muda wa saa 10, na kuna kifaa ndani ya gari kinamhesabia. Zikiisha zimeisha, anapaki hata kama nyumba anaiona kwa mbali.

Watoto nao hawakuizoea shule mpya. Mdogo, wa miaka 8, alikuwa anarudi hajaongea na mtu. Mkubwa ana miaka 11, yeye alikuwa ananisaidia kumwangalia bibi yake usiku, asubuhi anasinzia darasani. Basi nikaandika barua nikawatoa. Texas katika hili ni rahisi mno kuliko Minnesota. Kule unapeleka taarifa wilayani, na watoto wanafanya mtihani kila mwaka. Hapa Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua tangu 1994 kwamba shule ya nyumbani ni kama shule binafsi. Ufundishe kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, uwe na mtaala wa kweli. Saa za masomo ni juu yako.

Hilo la saa ndilo lililoniokoa, ingawa mwanzoni sikuliona. Nilibandika ratiba ukutani, saa mbili hesabu, saa tatu kusoma, wakati saa mbili ndiyo namwogesha mama. Ratiba haikumaliza wiki.

Halafu jioni moja mama kasimama mlangoni na mkoba wake, binti yangu akamwambia tu, "Shikamoo mwalimu, darasa letu ni hili." Akavuta kiti. Mdogo wake akasimama wima. "Shikamoo mwalimu!" Mama akawaangalia wote wawili, akaweka mkoba chini. "Marahaba. Kaeni. Nani hajafuta ubao?"

Mama aliingia ualimu enzi za UPE, yaani Universal Primary Education, elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, walipochukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza kufundisha huku wanafundisha. Watu waliwacheka, eti Ualimu Pasipo Elimu. Mpaka leo ukimtania hivyo hakusamehi, hilo hajalisahau.

Basi shule yetu sasa inaanza saa kumi jioni. Asubuhi watoto wanasoma wenyewe mezani, mimi niko bafuni na mama. Jua likishuka, mwalimu anaingia. Mwezi wa kumi na moja huku wanarudisha saa nyuma, giza likatuwahi, tukasogeza kengele nayo ikawa saa tisa.

Juzi walikuwa wanasoma saa. Kitabu kimechora mshale kwenye tatu, mtoto anasema saa tatu, mama anagonga meza na mwiko: "Saa tisa! We kijana, siku inaanza jua linapotoka, au kwenu inaanza watu wamelala?" Mtoto kanitazama mimi, kamtazama bibi, kahesabu vidole. Akasema, "Bibi, kumbe naongeza sita." Kisha akanyamaza, akauliza, "Na ikiwa kumi?" Wakakaa na hiyo kumi mpaka magharibi.

Msidhani kila siku ni hivyo. Kuna siku anamwita binti yangu kwa jina la dada yake marehemu na anamtaka akateke maji. Kuna siku anaukataa mkoba wala darasa halitaki, anagonga mlango mpaka jirani anachungulia. Na binti yangu ameniambia kwa adabu kabisa kwamba mwezi wa nane anataka kurudi shule, ana hamu ya wenzake. Nimekubali. Nani atasema "shikamoo mwalimu" kwanza siku hiyo, sijui, labda mdogo wake.

Sasa ombi. Kuna shemeji yangu anakuja kutoka Dar mwezi ujao, mwenye vitabu vya Kiswahili vya darasa la pili na la tatu ampelekee. Na chaki. Nilimnunulia mama ubao mweupe na kalamu zake, akanusa, akanirudishia. Chaki nyeupe, paketi mbili. Za rangi hataki, anasema hizo ni za wakaguzi.