Aliyepata Pointi Nyingi Akashindwa

Habari za asubuhi, wazazi na vijana. Nimeombwa niwaeleze kanuni za tenisi ya mmoja kwa mmoja, na najua mlitarajia nianze na namna ya kushika raketi. Naanza na fainali. Julai 2019, Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi kule Uingereza, Roger Federer alipata pointi 218. Novak Djokovic alipata 204. Kombe akabeba Djokovic.

Mama pale nyuma anatikisa kichwa. Hapana mama, hakuna aliyeibiwa. Kwenye kandanda mabao yanajumlishwa mpaka filimbi ya mwisho. Tenisi haina filimbi wala saa, na pointi hazijumlishwi. Pointi ni za kununulia gemu, gemu za kununulia seti, seti za kununulia mechi. Gemu ikiisha, pointi zake zimekwenda. Federer alichukua seti ya pili 6-1 na ya nne 6-4, pointi zikarundikana humo. Djokovic seti zake tatu alizipata zote kwa taibreka, ile gemu ya kuvunja sare, kwa kubanana.

Hesabu yenyewe ni hii: sifuri, 15, 30, 40, gemu. Kwa nini 40 na si 45, msiniulize mimi. Mkiwa 40 kwa 40 ni dyusi, na hapo gemu haipatikani mpaka mmoja apate pointi mbili mfululizo. Akipata moja akapoteza inayofuata, mnarudi dyusi, hata mara kumi. Seti ni gemu sita, kwa tofauti ya mbili. Mkifika 6-6 mnacheza taibreka: pointi saba, tena kwa tofauti ya mbili.

Zamani seti ya mwisho pale Wimbledon haikuwa na taibreka. Mwaka 2010 John Isner na Nicolas Mahut walicheza saa 11 na dakika 5, siku tatu, seti ya mwisho ikaisha 70-68. Fikirieni mwamuzi kwenye kile kiti! Mwaka 2019 Wimbledon wakaweka taibreka mkifika 12-12, ndipo Djokovic akamaliza 13-12. Tangu 2022 mashindano makubwa yote manne yana taibreka ya pointi 10 seti ya mwisho ikifika 6-6.

Uwanja: pembeni mnaona mistari miwili. Wenu ni wa ndani, upana mita 8.23. Ujia uliobaki ni wa wanaocheza wawili wawili. Mpira ukigusa mstari kidogo tu, uko ndani.

Kusevu, yaani kupiga mpira wa kuanzisha pointi: nyuma ya mstari wa mwisho, kulia kwanza, mpira uende mshazari kwenye kisanduku cha ng'ambo. Una nafasi mbili. Ukikosea zote, pointi ya mwenzako. Ukikanyaga mstari kabla hujaupiga mpira, hilo nalo ni kosa. Sevu ikigusa wavu kisha ikaangukia kisandukuni ni leti, unarudia. Mpokeaji lazima aiache idunde. Baada ya hapo yeyote anaweza kuupiga mpira hewani au baada ya kudunda mara moja tu.

Sasa ugomvi ninaousuluhisha kila Jumamosi. Umesimama nyuma kabisa ya mstari, mpira unakuja mrefu, unaudaka kwa mkono: "Nje!" Pointi si yako. Mpira hauwi nje mpaka uguse chini, au kitu kingine kama uzio. Ukikugusa wewe kwanza, hata shati, umepoteza. Jamani, pisheni!

Na hapa hatuna mwamuzi. Kila mmoja anaamua mipira ya upande wake, kwa sauti, papo hapo. Hukuuona vizuri? Basi ulikuwa ndani.

Haya, wawili wa kwanza waje tuzungushe raketi. Atakayeshinda achague: kusevu, kupokea, au upande. Akichagua upande, mwenzake ndiye ataamua nani anasevu. Jua liko kule, fikirieni kabla ya kujibu.